UZI: Kuishi Ufilipino kwa muda mrefu ukiwa na mwenzi Mfilipino (viza, vyeti vya ndoa na mkanganyiko wa majina yetu)

Mtoa uzi

Ndugu wanajukwaa,

Mara nyingi nimeona watu wakiulizana hapa namna ya kuhamia Ufilipino baada ya kufunga ndoa na raia wa huko, na jibu wanalopewa huwa la mstari mmoja tu, kwamba waende, watagongewa muhuri wa kukaa mwaka mzima uwanja wa ndege. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini limewaponza watu ninaowafahamu, nami lilikaribia kuniponza. Naomba basi nieleze kwa urefu yale niliyoyapitia na niliyoyasoma katika sheria zenyewe, kwa sababu jambo hili linagusa makazi ya familia na halifai kuachwa kwa kusikia.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nimeishi Uingereza zaidi ya miaka ishirini na nina pasipoti ya huko, jambo ambalo kwa sheria ya Tanzania lilimaanisha kuuacha uraia wa kuzaliwa. Mke wangu ni muuguzi kutoka Iloilo, katika visiwa vya Visayas. Tulifunga ndoa mbele ya msajili wa Uingereza akiwa bado raia wa Ufilipino, na miaka michache baadaye naye akachukua uraia wa Uingereza. Mpangilio huo, ndoa kwanza na uraia baadaye, naomba muukumbuke, kwa kuwa ndio ulioamua hati zipi tulidaiwa. Wazazi wake walipozeeka tuliamua kwenda kuishi karibu nao.

Nianze na haki ya balikbayan. Neno ni la Kitagalogi: balik ni kurudi, na bayan ni mji au nchi ya kwenu. Sheria ya Jamhuri namba 6768 ya mwaka 1989, iliyorekebishwa na sheria namba 9174 ya mwaka 2002, humtambua kuwa balikbayan Mfilipino aliyekaa nje ya nchi mfululizo kwa mwaka mmoja au zaidi, Mfilipino anayefanya kazi ng'ambo, na vilevile mtu aliyekuwa Mfilipino kisha akachukua uraia wa nchi nyingine. Mume au mke wake mgeni, pamoja na watoto wao, wakiingia nchini wakiwa naye, huruhusiwa kukaa mwaka mmoja bila viza, mradi pasipoti zao ni za nchi ambazo raia wake huingia Ufilipino bila viza. Orodha ya nchi hizo ni ndefu, na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimo.

Sharti linalowaangusha wengi ni hilo la kuingia pamoja. Cheti cha ndoa peke yake hakikupatii mwaka. Afisa anataka kumwona mwenzi wako amesimama kando yako dirishani, ana pasipoti ya Ufilipino au ushahidi kwamba aliwahi kuwa raia, nanyi mna cheti cha ndoa mkononi, si ndani ya sanduku lililokwisha kupakiwa. Tamka mwenyewe, kabla muhuri haujagongwa, kwamba mnaomba haki ya balikbayan, kwani usipotamka unaweza kugongewa siku 30 za mtalii, na kusahihisha muhuri ukiwa umeshatoka ukumbini ni kazi nyingine. Tena mwaka huo hauwekwi akiba. Ukitoka kwenda Hong Kong kwa siku tatu na kurudi peke yako, unahesabiwa kuwa mtalii wa siku 30, hata kama ulikuwa umebakiwa na miezi tisa. Haukupi pia ruhusa ya kufanya kazi.

Njia ya pili ni ya mtalii, ambayo wengi hawaihesabu kuwa njia ya kukaa muda mrefu ilhali ndivyo ilivyo. Unaingia kwa siku 30, unaongezewa siku 29 za kwanza, kisha unaendelea kuomba mwezi mmoja, miwili au sita kwa mkupuo. Raia wa nchi zisizohitaji viza wanaweza kuendelea hivyo hadi miezi 36 kabla ya kulazimika kutoka, na wale wanaohitaji viza hadi miezi 24. Ukivuka siku 59 unatakiwa kuwa na kadi ya mgeni, ile inayoitwa ACR I-Card, ambayo ada yake ni dola 50 za Marekani pamoja na gharama nyingine ndogondogo. Ukikaa miezi sita au zaidi, huwezi kuondoka bila kibali cha kuondoka kinachojulikana kwa herufi ECC, na hicho hukiombi siku ya safari. Kiombe ofisini siku kadhaa kabla. Njia hii inafaa kwa mtu anayesubiri hati nyingine zikamilike. Kwa mtu anayetaka kulea watoto huko naiona ni njia ya wasiwasi, maana kila baada ya miezi michache unarudi kwenye foleni kuomba ruhusa ya kuendelea kulala nyumbani kwako.

Njia ninayoitetea, na ndiyo sababu ya uzi huu, ni viza ya 13(a). Jina lake linatokana na kifungu cha 13(a) cha Sheria ya Uhamiaji ya Ufilipino ya mwaka 1940, sheria namba 613, iliyotungwa kabla nchi hiyo haijapata uhuru na ambayo ingali inatumika. Kifungu hicho kinamhusu mume, mke, au mtoto aliye chini ya miaka 21 ambaye hajaoa wala kuolewa, wa raia wa Ufilipino, anayeandamana na raia huyo au anayemfuata kwenda kuishi naye. Kwanza unapewa mwaka mmoja wa majaribio, na kabla mwaka huo haujaisha unaomba ukaazi wa kudumu. Mwenye viza hii, hata akiwa bado kwenye mwaka wa majaribio, anaweza kufanya kazi bila kutafuta kile kibali cha ajira cha wageni kinachotolewa na Idara ya Kazi. Kwa mtu wa umri wangu, ambaye hajafikia kustaafu na hana mshahara wa kutoka nje, jambo hilo peke yake lilitosha kuniamulia.

Kuna sharti moja linalopaswa kuulizwa kabla ya mengine yote. Viza ya 13(a) hutolewa kwa raia wa nchi ambazo nazo huwapa Wafilipino ukaazi wa kudumu kwa namna inayolingana. Pasipoti ya Uingereza hupita bila mjadala. Wale ambao nchi zao hazikutambuliwa kuwa na uhusiano huo wa kutendeana huelekezwa kwenye viza ya ukaazi wa muda, TRV, ambayo nayo imeegemea ndoa na huhuishwa kila inapofikia ukomo. Kwa hiyo mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo asianze kukusanya hati kwa kufuata orodha ya rafiki yake mwenye pasipoti ya Canada. Aandike barua kwa Idara ya Uhamiaji, makao makuu yake yapo Intramuros mjini Manila, au kwa ubalozi wa Ufilipino ulioko Nairobi, aulize pasipoti yake inaangukia upande upi, na ahifadhi jibu la maandishi.

Sasa nije kwenye hati, maana hapo ndipo tulipopoteza miezi.

Idara ya Uhamiaji haitazami cheti chako cha ndoa cha Uingereza, Oman au Dar es Salaam kana kwamba kinajitosheleza. Ndoa ya Mfilipino iliyofungwa nje hutakiwa iripotiwe kwenye ubalozi wa Ufilipino wa eneo husika, ubalozi hupeleka taarifa hiyo Manila, na mwisho wa safari unaipata kama nakala rasmi kutoka Mamlaka ya Takwimu ya nchi hiyo, PSA, iliyochapishwa kwenye karatasi yao maalumu. Sisi hatukuwa tumeripoti kwa sababu tulidhani ni hiari. Zikishapita zaidi ya siku 365 tangu harusi, taarifa huhesabiwa kuwa imechelewa na lazima iambatane na hati ya kiapo inayoeleza sababu za kuchelewa. Tuliandika kiapo, tukawasilisha, kisha tukasubiri nakala ya PSA kwa miezi kadhaa. Kama tungeripoti ndoa mwezi uleule tulioifunga, nakala ingekuwa tayari imetulia kabatini.

La pili lilikuwa uraia wa mke wangu. Kama balikbayan alikubalika bila shida, kwa kuwa sheria ile inawahusu pia waliokuwa Wafilipino. Lakini 13(a) inataka mwenzi ambaye ni raia sasa hivi. Ilimbidi kwanza ale kiapo cha kurudishiwa uraia chini ya sheria namba 9225 ya mwaka 2003, inayomruhusu mzaliwa wa Ufilipino aliyechukua uraia wa kwingine kuwa raia tena bila kuuacha ule wa pili. Watoto wake walio chini ya miaka 18 na ambao hawajafunga ndoa huingia humohumo. Hapa niliguswa moyoni, lazima niseme, kwa sababu nilikuwa nimesimama ukumbini nikimwona mwenzangu akirudishiwa nchi aliyozaliwa, nami yangu bado nimeiacha.

La tatu ni majina, na hili naliandikia hasa wazaliwa wa pwani na wa bara la kwetu. Sisi tunajitambulisha kwa jina letu, la baba na la babu. Mfilipino naye ana majina matatu, ila lile la katikati kwake ni jina la ukoo wa mama kabla hajaolewa. Fomu inapouliza jina la katikati, karani anatarajia ukoo wa mama yako, nawe unaandika jina la baba. Cheti chetu cha ndoa kilikuwa na majina yangu mawili, pasipoti ina matatu, na aliyejaza taarifa ya ndoa akaweka jina la baba yangu mahali pa ukoo wa mama. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulisaini bila kusoma. Kulirekebisha kulituchukua muda mrefu kuliko viza yenyewe. Namshukuru aliyetuonyesha kwamba ipo sheria namba 9048 ya mwaka 2001, inayoruhusu makosa ya uandishi katika kumbukumbu za kiraia kusahihishwa na msajili bila kwenda mahakamani. Kabla hamjasaini chochote, wekeni pasipoti, cheti cha kuzaliwa na cheti cha ndoa kwenye meza moja na kulinganisha jina kwa jina, herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed kwetu ni mtu mmoja, lakini kwenye kompyuta ya karani ni watu wawili.

Hati nyingine ni za kawaida: barua ya maombi mliyoisaini wote wawili, cheti cha kuzaliwa cha mwenzi wako kutoka PSA au ushahidi mwingine wa uraia wake, pasipoti yenye muda halali wa kukaa nchini, hati ya polisi, ushahidi wa kipato, na hati ya NBI, idara ya upelelezi ya Ufilipino, ya kutokuwa na kesi kama umekaa huko miezi sita au zaidi. Hati za nje zinatakiwa kuthibitishwa. Ufilipino iliingia katika mkataba wa apostili, yaani muhuri mmoja wa uthibitisho unaokubalika katika nchi wanachama, tarehe 14 Mei 2019, hivyo hati ya Uingereza, Oman au Burundi ikishapigwa apostili nyumbani haihitaji tena kupitia ubalozini. Hati ya nchi isiyo mwanachama hupitia njia ya zamani ya kuthibitishwa na wizara ya mambo ya nje kisha ubalozi.

Tuliingia kwa haki ya balikbayan na tuliutumia mwaka ule kufuatilia hayo yote, tukawasilisha maombi ya 13(a) ukiwa umebaki muda wa kutosha. Ningeomba kila anayefuata njia hii aufanye mwaka wa kwanza kuwa wa kukimbilia hati, kwa maana ukiisha ukiwa bado unatafuta nakala za PSA utaanza kulipia nyongeza za utalii huku ukisubiri.

Mchangiaji kutoka Muscat

Assalaam alaykum, ndugu mtoa uzi, na shukrani kwa maelezo. Mimi ni mtu wa Unguja na ninafanya kazi hapa Muscat. Nina mambo mawili. Nataka kumuoa dada wa Kifilipino aliyesilimu hapa miaka minne iliyopita. Yeye aliwahi kuolewa kwao Davao, wakaachana na huyo mume wake zamani sana, kila mtu akashika njia yake. Mimi nina mke Unguja, na dini yetu inaniruhusu. Je, ndoa yetu tukiifunga hapa kwa kadhi, itanipatia hiyo 13(a) au hata mwaka wa balikbayan?

Mtoa uzi

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umeuliza kwa uwazi, nami nakujibu kwa uwazi, japo jibu halitakufurahisha.

Kuhusu yeye kwanza. Ufilipino haina sheria ya talaka kwa wananchi wake wote. Inayo kwa Waislamu tu, chini ya Kanuni za Sheria za Kiislamu zilizotolewa kwa Amri ya Rais namba 1083 ya mwaka 1977. Mtu aliyefunga ndoa ya kiraia au ya kanisani Davao, akatengana na mumewe bila mahakama kuibatilisha ndoa ile, bado ni mke wa mtu katika kumbukumbu za PSA, hata kama ipo miaka kumi hawajaonana. Mwombe aagize PSA cheti cha kumbukumbu za ndoa, kile wanachokiita CENOMAR. Kitakachotokea humo ndicho serikali inachokijua, na maneno ya "tuliachana zamani" hayatakifuta. Ipo pia hali ambapo Mfilipino alikuwa ameolewa na mgeni, na talaka ikapatikana nje ya nchi. Ibara ya 26 ya Sheria ya Familia inaitambua, ila mahakama ya Ufilipino lazima iithibitishe kwanza.

Kuhusu wewe sasa. Ibara hiyohiyo ya 26 inasema ndoa iliyo halali pale ilipofungwa ni halali pia Ufilipino, kisha inaweka vighairi, na mojawapo ni ndoa ya mtu aliye katika ndoa nyingine. Amri namba 1083 inamruhusu mwanamume Mwislamu kuoa zaidi ya mke mmoja, lakini kwa masharti ya uadilifu, katika hali za pekee, na baada ya kumwarifu karani wa mahakama ya Sharia ili mke aliyepo apate nafasi ya kukubali au kupinga. Kanuni hizo zinahusu ndoa ya Waislamu wawili, au ya mwanamume Mwislamu iliyofungwa kwa taratibu za Kiislamu ndani ya Ufilipino. Ndoa ya pili iliyofungwa Muscat, kisha ikapelekwa ubalozini kama ndoa ya kawaida, itakutana na maswali mazito, na ukiificha ile ya Unguja utakuwa umesaini kiapo cha uongo mbele ya afisa wa serikali. Nakusihi ukae na wakili wa Kifilipino anayefanya kazi za mahakama za Sharia kabla hujanunua tiketi, na kabla hujampa yule dada ahadi ambayo sheria ya kwao inaweza kukuzuia kuitimiza.

Nawakumbusha pia ndugu wa Tanzania Bara kwamba Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 inagawa ndoa kuwa za mke mmoja na zile zinazoruhusu wake wengi, na ndoa ya Kiislamu huchukuliwa kuwa ya aina ya pili mpaka ithibitishwe vinginevyo. Cheti chako kinaweza kubeba maneno hayo hata kama una mke mmoja tu na hukusudii wa pili. Afisa asiyeijua sheria yetu atashtuka, kwa hiyo jiandae kumweleza. Na kama cheti ulicho nacho ni kile ulichopewa na shehe siku ya harusi, kihakikishe RITA, wakala wa usajili wa serikali ya Tanzania, kabla ya kukipeleka popote.

Mchangiaji, Leicester

Mkuu, mimi nina umri wa miaka 61, mke wangu ni wa Cebu, na nina pensheni. Nimeambiwa viza ya wastaafu, SRRV, ni bora kuliko 13(a) kwa kuwa haina usumbufu wa kila mwaka. Una maoni gani?

Mtoa uzi

Mzee wangu, kwa mtu wa umri wako na mwenye pensheni ni njia ya heshima. Inasimamiwa na Mamlaka ya Wastaafu ya Ufilipino iliyoanzishwa mwaka 1985, inataka amana ya fedha za kigeni katika benki wanayoikubali, na mwenye viza hiyo ameondolewa wajibu wa taarifa ya kila mwaka kwa Uhamiaji pamoja na vibali vya kuondoka na kurudi. Umri wa chini na kiasi cha amana vimebadilishwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2021, kwa mfano, umri ulipandishwa kutoka miaka 35 hadi 50. Uliza viwango vya mwezi unaoomba, na usitegemee alivyolipa jirani.

Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba haikuegemea ndoa. Viza ya 13(a) inasimama juu ya ndoa, na ndoa ikibatilishwa nayo hutikisika. Hatupendi kuyazungumza haya mke akiwa mzima na nyumba ina amani, lakini mtu wa miaka 61 anayehamisha maisha yake yote ana haki ya kuyapima. Kwa upande mwingine, fedha zako zinalala benki wakati 13(a) haikudai amana yoyote. Na usidhani viza yoyote kati ya hizo inakupa ardhi. Katiba ya mwaka 1987, ibara ya XII, inazuia mgeni kumiliki ardhi isipokuwa kwa njia ya urithi wa kisheria. Unaweza kumiliki fleti katika jengo ambalo sehemu ya wageni haizidi asilimia 40, au nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja kilichoandikwa jina la mkeo. Mimi nimejenga hivyo, na kiwanja ni cha mke wangu kwa jina na kwa moyo.

Mchangiaji kutoka Mombasa

Kaka, asante sana kwa uzi huu. Mimi ni mwanamke, Mkenya, na mume wangu ni Mfilipino, baharia wa meli za makontena. Tulifunga ndoa Mombasa kwa msajili na tumesharipoti ubalozini Nairobi. Maelezo mengi yanayopatikana yameandikiwa wanaume wazungu walio na wake Wafilipino. Je, mimi nina haki zilezile? Na yeye hupanda na kushuka meli bandari za mbali, hatusafiri pamoja. Nifanyeje kuhusu mwaka wa balikbayan?

Mtoa uzi

Dada yangu, swali lako ni muhimu, na nasikitika kwamba sikulifikiria tangu mwanzo.

Ndiyo, una haki zilezile. Kifungu cha 13(a) kinasema mume au mke, na baharia anahesabiwa kuwa Mfilipino anayefanya kazi ng'ambo, kwa hiyo mume wako ni balikbayan bila kuhitaji kuhesabu mwaka mzima nje. Watoto mtakaojaliwa ni raia wa Ufilipino tangu kuzaliwa kwa sababu baba yao ni raia. Wasajilini ubalozini mapema. Tofauti moja ninayoifahamu inahusu kuomba uraia. Sheria ya uraia ya mwaka 1939, namba 473, inapunguza miaka kumi ya ukaazi kuwa mitano kwa mtu aliyemuoa Mfilipina, na imeandikwa kwa lugha ya zamani inayomtaja mke. Lakini hilo ni la baadaye sana, na ukaazi hauhitaji uraia.

Kuhusu kuingia pamoja, hapo ndipo mabaharia wengi wanapopoteza mwaka. Kampuni humnunulia tiketi ya kutoka bandari aliyoshukia hadi Manila, mke naye anapanda ndege Nairobi, wanakutana nyumbani, na mke anagongewa siku 30. Jaribuni kukutana njiani. Akishuka meli Ulaya au Asia ya Magharibi, anaweza kuomba safari yake ipitie Doha au Dubai, nawe utoke Nairobi uunganishe hapohapo, muingie Manila kwa ndege moja na kwenda dirishani pamoja. Kitabu chake cha ubaharia na mkataba wake wa kazi awe navyo mkononi. Usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa kuwa unatoka Kenya, wala usajili wa wasafiri wanaoingia Ufilipino, eTravel, ambao hufanywa mtandaoni ndani ya saa 72 kabla ya kufika.

Jambo la pili ni ratiba. Maombi ya ukaazi kwa njia ya ndoa yanawataka wote wawili, kwa sahihi na kwa mahojiano. Mkataba wake ukiwa wa miezi tisa na likizo ya miwili, mna dirisha dogo. Kusanyeni hati zote akiwa baharini: nakala ya PSA ya taarifa ya ndoa yenu, cheti chake cha kuzaliwa, hati yako ya polisi ya Kenya ikiwa imethibitishwa. Akishuka, mnapeleka bahasha iliyokamilika wiki ya kwanza. Nilimwona Intramuros mke mmoja wa baharia ameketi na hati pungufu, mumewe akiwa amebakiwa na siku sita kabla ya kupanda meli, na sura yake sijaisahau.

Ukishapata ukaazi, nenda Uhamiaji ndani ya siku 60 za kwanza za kila mwaka utoe taarifa, ulipe ada yake ya peso 310, hata kama mume yuko baharini. Hiyo ni juu yako peke yako. Ukitaka kuja Mombasa kuwaona wazazi utalipia kibali cha kuondoka na kurudi, na kama mkaazi utadaiwa pia kodi ya usafiri wanayolipa Wafilipino, ambayo kwa daraja la kawaida imekuwa peso 1,620 kwa miaka mingi. Viweke kwenye bajeti ya tiketi tangu mwanzo.

Mume wako akishapata tarehe ya kushuka, andika hapa ni bandari gani, tutazame pamoja ni ndege ipi itakayowakutanisha.